Insha Iliyomuua Mzee Stanczyk

Ule mlango tuliouacha nusu wazi Jumamosi iliyopita, Marit Solheim alishausukuma, na njia ya kurudi nyuma haikuwepo tena. Mbele yake kulikuwa na meza ndefu. Nyuma ya meza waliketi watu wawili. Mmoja alikuwa mwanamke mwenye miwani na jalada mkononi. Wa pili alikuwa Mzee Orville Stanczyk, umri miaka themanini na mmoja, mzima wa afya, suti ya kijivu, kifaa cha kusikia sikioni.

Tabu ni moja tu. Marit alikuwa ameshamuua.

Hakumuua kwa sumu wala kwa kisu. Alimuua kwa insha, ile inayoambatanishwa na maombi ya kusomea udaktari. Aya ya tatu, neno kwa neno: "mkono wake wenye vidole vitatu ukapoa polepole ndani ya mkono wangu." Na sasa mkono huohuo wa vidole vitatu, ule wa upande asiouona yule mwanamke, ulikuwa umeshika kikombe cha kahawa, na kahawa inafuka moshi.

"Karibu, binti," akasema mzee. "Kaa. Mbona umepauka hivyo? Utadhani umeona maiti."

Marit akakaa.

Sasa, kwa wale ambao gazeti lao la wiki jana liliishia kufungia vitumbua, nisiwaache njiani. Marit ni binti wa dereva wa lori la maziwa kutoka kaskazini mwa Wisconsin, mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza. Kwao udaktari hausomwi moja kwa moja kutoka sekondari. Kwanza unasoma miaka minne ya kitu kingine, na miaka yote hiyo unajipamba kama mwali, ukimngoja bwana harusi mwenye wachumba elfu tano mlangoni.

Marit alijipamba, hakuna wa kumlaumu kwa uvivu. Kemia ya kaboni ilimliza muhula mzima, akaishinda. Mtihani wa kuingilia udaktari, wa saa saba na nusu, aliufanya mara mbili. Aligawa supu kwa maskini ambao hakuwahi kuwauliza majina, kwa sababu fomu iliuliza masaa, haikuuliza majina. Alikwenda Guatemala wiki moja kupaka rangi ukuta wa zahanati. Ukuta huo ulikuwa umepakwa na kundi la wanafunzi lililotangulia, na lililofuata liliupaka tena. Nadhani hakuna ukuta wenye nguo nyingi kama ule katika Amerika yote.

Kisha akaandika insha yake, ya kweli kabisa, kuhusu majira ya joto aliyojitolea hospitalini akisukuma kitoroli cha juisi. Akampelekea mshauri wa wanafunzi.

"Umeandika vizuri," mshauri alimwambia, "lakini humu ndani hafi mtu. Wenzako wote wana vifo, Marit. Wewe una juisi."

Ndipo akamuua Mzee Stanczyk, kwenye insha akimwita Mzee S. tu. Akatuma maombi vyuo ishirini na viwili. Kumi na tisa vikakataa, viwili vikanyamaza kimya. Kimoja tu kikaita kwa usaili, hiki hapa, na chuo hiki kina desturi ya kuweka raia mmoja kwenye kila jopo, mtu aliyewahi kulazwa, ili waonekane wale wanaojua kuongea na binadamu. Raia wa leo mnamjua.

"Kabla ya yote," akaanza yule mwanamke, Dokta Renata Weiss, mwenyekiti wa jopo, "niseme ukweli. Nimesoma insha mia mbili mwaka huu. Yako ilinitoa machozi. Yule mzee na vidole vyake vitatu."

"Asante, Dokta," Marit akasema.

"Hata mimi ilinigusa," akasema Mzee Stanczyk. "Sana tu. Hebu nieleze, binti. Huyo Mzee S., alikuwa mtu wa namna gani?"

Marit akamwangalia. Mzee alikuwa na uso wa mtu anayeuliza bei ya viazi. Hakukuwa na dalili kwamba angemuumbua, wala dalili kwamba angemhurumia. Na msailiwa asiyejua lipi linakuja hufanya kile alichofundishwa: hujibu.

"Alikuwa mtu mkarimu," akasema. "Mpole. Mwenye hekima."

"Mpole," mzee akalirudia neno hilo kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani. "Na maneno yake ya mwisho?"

"Yako kwenye insha."

"Nimeyasoma. Nataka kuyasikia."

"Aliniambia, 'Usiiache njia hii, mwanangu. Dunia inakuhitaji.'"

Dokta Weiss akavua miwani akaifuta.

"Mtu anayekata roho kasema yote hayo?" mzee akauliza. "Mimi nikipanda ngazi tu siwezi hata kusema samahani. Na ilikuwa saa ngapi?"

"Alfajiri. Jua lilikuwa linachomoza dirishani kwake."

"Dirisha gani hilo? Wodi ya moyo ya hospitali hii madirisha yote yanaangalia magharibi. Yanaangalia maegesho ya magari."

Dokta Weiss akaivaa miwani tena.

"Lilikuwa..." Marit akasema, "mwanga ulikuwa unarudi kutoka kwenye vioo vya magari."

Ni aibu, lakini tumpe haki yake: kwa mtu aliyekabwa koo, halikuwa jibu baya. Wapo wanasheria waliokula mwaka mzima kwa jibu baya kuliko hilo.

Hapo simu ya mezani ikalia. Dokta Weiss akasikiliza, akasimama. "Msailiwa wa saa nne amezimia kwenye ngazi," akasema. "Wa tatu wiki hii. Nipeni dakika mbili." Akatoka.

Wakabaki wawili.

"Haya," akasema Mzee Stanczyk, akakisogeza kikombe pembeni. "Sasa tuongee kama watu wanaofahamiana. Nimekufa vizuri, lakini nina swali. Kwa nini mimi? Hospitali hii ilikuwa na wagonjwa mia nne."

Marit alitaka kulia, akaona hata machozi yake hayana heshima mbele ya mtu huyu.

"Wewe ndiye mgonjwa pekee niliyemjua jina," akasema.

"Ndiyo shukrani yenyewe hiyo?"

"Siku ile nilikuja na kitoroli, nikakuta kitanda kitupu, shuka jipya. Nikamuuliza nesi. Akasema, 'Ameondoka.'"

"Niliondoka. Kwa gari la binti yangu."

"Sikuuliza umeondoka kwenda wapi."

"Kwa nini hukuuliza?"

Mzee akangoja. Alikuwa ametengeneza jibini miaka arobaini na minne, na mtu wa kazi hiyo anajua kungoja.

"Siku ile niliogopa," Marit akasema mwishowe. "Niliogopa kusikia umekufa. Halafu mwaka huu, nilipoandika insha, nikaogopa kusikia uko hai."

Mzee Stanczyk akacheka kidogo, kicheko kikavu, akakikata haraka kama anayekumbuka kwamba amekasirika.

"Sasa nisikilize, mwanangu. Unajua binti yangu alitoka wapi? Alikuwa hajasema na mimi miaka sita. Tuligombana kwa ajili ya shamba. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka, nikakuomba uniandikie barua. Ukaacha kitoroli chako kwenye korido, ukakaa. Mara tatu nikakwambia andika matusi, mara tatu ukakataa. Ukaniambia, 'Mzee, hii haitamrudisha mtu.' Tukabishana mpaka juisi ikachemka. Barua ikaenda. Jumanne akaja na gari, akanichukua."

Marit alikuwa amefumbua mdomo. Barua ile alikuwa ameisahau kabisa. Haikuwa na fomu. Hakuna aliyeitilia saini.

"Hilo hukuliandika," mzee akasema. "Uliandika nimekufa."

"Halina kifo ndani yake."

"Halina nini?"

"Mshauri alisema pawe na kifo."

"Mshauri wako," akasema mzee polepole, "angekuwa fundi bomba, nyumba zote za mji huu zingekuwa zimejaa maji. Mimi nilisoma insha yako siku nane zilizopita. Ningeweza kumpigia simu Dokta Weiss siku ileile, ukafutwa hata kabla ya kununua hicho kikoti. Sikupiga. Nilitaka nikuone kwanza. Sasa nimekuona, na bado nasikia jua linachomoza magharibi."

Mlango ukafunguka. Dokta Weiss akarudi, akakaa, akaeleza kuwa kijana wa ngazini yuko salama, ila anakataa kuondoka mpaka asailiwe akiwa amelala kwenye machela.

"Tulikuwa wapi?" akauliza.

Mzee Stanczyk akatazama dari. Neno moja la kumsaidia Marit hakusema, wala la kumwangamiza. Kama uongo ungeendelea, ungeendelea kwa miguu yake mwenyewe.

Marit aliwaza lori la maziwa la baba yake. Aliwaza vyuo kumi na tisa. Aliwaza kwamba kama angenyamaza dakika kumi tu, huenda mambo yangepita, maana mzee huyu angekwisha kumchoma kama angetaka.

"Dokta," akasema. "Mzee S. hakufa."

"Samahani?"

"Hakufa. Sikumshika mkono. Hakusema maneno yale. Nilisukuma kitoroli cha juisi, basi. Mzee S. ni huyu hapa."

Dokta Weiss akageuka. Mzee Stanczyk akainua mkono wake wa vidole vitatu na kumpungia taratibu, kama anayepunga akiwa dirishani.

Mtu angetegemea mwenyekiti achachamae. Angetegemea jalada lifungwe, binti aonyeshwe mlango. Lakini Dokta Weiss alipauka kuliko Marit alivyopauka alipoingia. Akafungua jalada kwa haraka, akapekua, akatoa karatasi yenye nembo ya hospitali.

"Kama hakufa," akasema, "basi hii nini?"

"Nini hiyo?" mzee akauliza. "Mimi nilipewa insha tu."

"Barua ya kumpendekeza. Imetoka kwa Dokta Lowell Prentiss, bingwa wa moyo. Msichana huyu alimfuata wodini miaka miwili, akijifunza kwa kutazama." Akasoma, na sauti yake ilizidi kushuka kwa kila mstari. "'Asubuhi ile nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda. Nilimwona akimshika mzee yule mkono mpaka pumzi ya mwisho. Kisha mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nikamfumba macho marehemu.'"

Kifaa cha sikioni mwa mzee kikasikika kikivuma.

"Kanifumba macho," akasema Mzee Stanczyk. "Na mimi sikusikia kitu."

Marit alikuwa anaangalia zulia.

"Mnaelewa hili ni jambo gani?" Dokta Weiss akauliza. "Uongo wa mwanafunzi, sawa, tunaujua, tuna sanduku la kuutupia. Lakini Lowell Prentiss mwezi ujao anakabidhiwa ukuu wa chuo hiki. Yeye ndiye atakayeniambia mimi nani aingie na nani asiingie." Akanyanyua simu. "Yuko ghorofa ya chini yetu. Namwita. Na nyinyi wawili nisikilizeni. Akiingia, hakuna anayefungua mdomo. Binti, ukimpa ishara, hata ya kope, nafunga jalada lako leo na halifunguki tena. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," akasema Marit.

Dakika tano hazikuisha. Dokta Prentiss aliingia kama wanavyoingia watu waliozoea wenzao kuinuka vitini: mrefu, nywele za fedha zimelazwa vizuri, koti jeupe limepigwa pasi mpaka linakata. Akamkumbatia Marit bega.

"Huyu ndiye msichana wangu," akasema. "Merit, nilikwambia watakupenda."

"Marit," akasema Marit.

"Naam." Akamgeukia mzee, akanyoosha mkono. "Lowell Prentiss. Sidhani tumewahi kuonana."

Huyu, wasomaji wangu, ndiye daktari aliyemtibu mzee huyu siku kumi na moja. Kila asubuhi alisimama mbele yake, akasoma karatasi iliyoning'inia kitandani, akaongea na karatasi, akaenda zake.

"Labda hatukuonana," akasema Mzee Stanczyk, akampa mkono wa kushoto.

"Lowell," akasema Dokta Weiss, "tunamalizia na Marit. Barua yako imetugusa. Ningependa utusimulie mwenyewe siku ile aliyokufa yule mzee."

Dokta Prentiss akavuta kiti. Akavuta pumzi. Akainamisha kichwa kidogo, akapata ile sauti ya msibani.

Na Marit akaona shimo. Aliliona wazi, na mtu aliyemfungulia milango ya wodi miaka miwili, aliyemwachia asikilize moyo wa kwanza maishani mwake, anaelekea shimoni kwa mwendo wa maringo. Angenyamaza tu, hakuna wa kumlaumu. Jalada lake lilikuwa mezani, bado wazi.

"Dokta," akasema. "Usiseme."

Dokta Weiss akamtazama kwa jicho lililosema kila kitu. Akaandika kitu kifupi pembeni mwa jalada.

Lakini Dokta Prentiss akatabasamu, akampigapiga Marit mkononi. "Mnaona? Hapendi kusifiwa. Acha unyenyekevu, mtoto, hapa si mahali pake." Kisha akaendelea. Akasimulia alfajiri ile. Akasimulia jua. Akasimulia mkono ulivyopoa, na machozi mawili, jicho la kulia na jicho la kushoto, yakamtoka kwa zamu. Akaongeza hata wimbo: mzee yule, akasema, alikuwa akiimba kwa sauti ya chini mpaka mwisho.

"Maskini," akasema Mzee Stanczyk. "Wimbo gani?"

"Wa kanisani. Sikumbuki jina." Dokta Prentiss akajipangusa. "Miaka thelathini ya udaktari, bwana, na huwezi kuzoea. Je, wewe umewahi kumshuhudia mtu akikata roho?"

"Mara moja nilikuwa karibu sana," akasema mzee. "Lakini sikuona kitu. Nilikuwa nimefumbwa macho."

Dokta Prentiss akacheka kwa adabu, kama mtu anavyocheka mzaha asiouelewa. Kicheko kikafika katikati, kikakwama. Macho yake yakashuka kwenye mkono wa kulia wa mzee, uliokuwa sasa umelala mezani waziwazi. Yakahesabu. Yakarudia kuhesabu.

Nilitegemea aombe radhi. Pengine hata nyinyi mlitegemea hivyo. Lakini mtu hafiki kwenye mlango wa ukuu wa chuo kwa kuomba radhi. Dokta Prentiss akasimama, akafunga kifungo cha koti lake, na alipoongea sauti ilikuwa baridi na safi.

"Renata," akasema, "sitaki kumharibia kijana maisha, lakini sasa sina budi. Barua ile sikuiandika mimi. Aliiandika mwenyewe huyu msichana, akaniletea nitie saini. Nilitia bila kusoma, na leo nimerudia tu aliyonieleza. Kosa langu ni hilo tu, na tunalifanya sote. Hata wewe."

Dokta Weiss hakubisha hilo la mwisho. Macho yake yakakimbilia dirishani, yakakaa huko muda mrefu kuliko ilivyofaa. Yaliporudi, yalimrudia Marit.

"Ni kweli?"

"Si kweli," akasema Marit.

"Una ushahidi?"

Ushahidi ulikuwepo. Ulikuwa ndani ya simu yake, kwenye mkoba, ujumbe wa mwezi wa sita kutoka kwa Dokta Prentiss, na rasimu ya barua imeambatanishwa: "Nimesoma insha yako. Nimeongeza kidogo mwishoni ili ipate uzito. Utaipenda."

Na chini yake, jibu la Marit mwenyewe, alilolituma dakika mbili baadaye: "Nimeipenda sana, Dokta. Asante."

Kuuonyesha ni kummaliza Prentiss. Kuuonyesha ni kukiri pia kwamba barua ile aliisoma miezi minne iliyopita, akaona mtu mzima anaongeza uongo juu ya uongo wake, akashukuru. Kuuficha ni kutoka nje ya mlango huu akiitwa mghushi, jina litakalomtangulia kila chuo atakachobisha hodi mpaka anazeeka.

Mkono wake ulikuwa umeshaingia mkobani.

"Unatafuta nini humo, binti?" akauliza Mzee Stanczyk, kwa upole ambao hakuuonyesha asubuhi yote.

Marit akaitoa simu. Akaiweka katikati ya meza, kioo kikiwa chini.

Wa kwanza kunyoosha mkono kuichukua alikuwa Dokta Prentiss.